Kuishi na Sauti ya Nne

Swali lililoninyima usingizi karibu mwezi mzima lilihusu kitanda. Mwalimu akija kukaa kwangu, kitanda chake nikiweke wapi?

Nyumba niliyopanga hapa Biharamulo ina vyumba viwili vya ndani, vimetenganishwa na ukuta ambao haufiki juu. Fundi aliishia kwenye lenta, dari haikuwekwa, kwa hiyo juu ya ukuta kuna uwazi unaopitisha kila kitu: harufu ya kiberiti, mwanga wa simu, na sauti. Uani, karibu na jiko, kuna chumba cha tatu. Ni chumba kizuri tu, kina sakafu ya saruji na dirisha lenye nondo, na mtu akiwa humo anaweza kuguna kutwa nzima nisimsikie.

Ningemlaza uani? Mzee aliyenilaza ndani ya nyumba yake miaka yote ile, leo nimlaze karibu na banda la kuku? Watu watasemaje, na yeye atanielewaje? Nikimweka ndani, je, nitastahimili hadi lini kabla sijamtolea neno ambalo siwezi kulirudisha? Nilipima hivi, nikapima vile. Nilifika hata mahali pa kufikiria kumwambia mwanawe kwamba nyumba yangu haimfai mtu mwenye mkongojo, jambo ambalo lingekuwa la kweli kidogo, maana mlangoni kuna ngazi.

Ili nieleweke, inabidi nimweleze Mwalimu mwenyewe.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui vizuri, na kila nilipomuuliza alijibu, "Mimi ni wa hapa kanisani," akaendelea na shughuli zake. Pale Rulenge kila mtu alimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki mbele ya darasa. Alifundisha kwaya. Mimi nilikaa kwake nilipokuwa sekondari, kwa sababu kwetu Kirushya ni mbali na mama yangu alifahamiana na mke wake. Nikakaa tena kwake baada ya chuo kikuu, nilipokuwa nafundisha kwa kujitolea huku nasubiri ajira. Kwa hiyo nimemsikia nikiwa mtoto na nimemsikia nikiwa mtu mzima. Nasema nimemsikia kwa sababu Mwalimu alisikika kabla hajaonekana.

Kwaya za kwetu zina sauti nne. Ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo ule ambao watu wote wanaujua. Ya pili na ya tatu zinausindikiza. Ya nne iko chini kabisa, nzito, kama nguzo zilizofukiwa ardhini, na mtu asiye mwanakwaya hata hajui kama ipo. Mwalimu alikuwa mtu wa sauti ya nne. Aliiguna mdomo ukiwa umefungwa, tangu anapoamka mpaka anapokwenda kulala. Alikuwa akiguna anapovaa viatu, anapomenya ndizi, hata anaposoma gazeti.

Mtu anaweza kuzoea wimbo. Sauti ya nne peke yake si wimbo. Inapanda kidogo, inashuka kidogo zaidi, inakaa palepale muda mrefu kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, kisha inaruka ghafla bila sababu unayoiona. Sababu ipo, lakini iko kwenye zile sauti nyingine tatu ambazo anazisikia yeye peke yake. Wewe uliye mezani na daftari unabaki kuisubiri iende mahali fulani, nayo haiendi. Halafu kuna mapumziko. Mahali ambapo sauti ya nne inatakiwa kunyamaza ili wengine waimbe, Mwalimu alinyamaza kweli, ila aliyahesabu mapigo kwa kidole juu ya chochote kilichokuwa karibu. Juu ya meza, juu ya kikombe, mara nyingine juu ya bega langu. Tk, tk, tk. Ukianza kushukuru kwamba amemaliza, anaendelea.

Zaidi ya hiyo alikuwa na zake nyingine. Chai aliivuta kwa sauti ndefu, akaifuatisha na pumzi ya kuridhika. Kandambili zake zilipiga sakafu mara mbili kwa kila hatua, sijui kwa namna gani. Mfukoni alikuwa na funguo za sanduku la kinanda cha kanisa, na akiwa anafikiri alizitikisa.

Mimi nilijaribu kila kitu. Niliweka pamba masikioni, nikagundua kwamba pamba inazuia maneno ya watu lakini haizuii sauti ya nne, kwa kuwa inapita kwenye meza na kiti na kukuingia mifupani. Nilihamia kwenye migomba na kigoda changu, mbu wakanirudisha. Nilipopata simu nilitafuta mtandaoni, nikasoma kwamba kuna watu ambao mioyo yao huenda mbio kwa sababu ya vijisauti vya wenzao tu. Kwanza nilifarijika kwamba nina ugonjwa. Baadaye niliogopa kwamba nina ugonjwa. Mwishowe nikaanza kujiuliza kama ugonjwa wenyewe sikuupata kwa kuusoma.

Siku moja nilimuuliza mke wake, ambaye sisi sote tulimwita Mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama, hivi wewe humsikii?"

"Nani?"

"Mwalimu."

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Nitaachaje kumsikia, baba? Yule ana ng'ombe kifuani."

"Sasa unafanyaje?"

"Nikichoka namtuma."

Ilikuwa kweli, ila nilikuwa sijaiona. Kuanzia siku hiyo nikaiona kila mara. Mama aliita kutoka jikoni, "Mwalimu, hebu kaniangalizie mbuzi."

"Mbuzi wana nini?"

"Ndiyo ukaangalie."

Mwalimu aliinuka bila kubisha. Mvumo wake ulipotelea kwenye migomba, nyumba ikatulia, na Mama akapata nafasi ya kunong'ona rozari yake. Baada ya muda alirudi. "Mbuzi hawana kitu."

"Basi, vizuri."

Nilimwonea huruma, nikidhani hajui anachofanyiwa. Hadi siku moja nilipokuwa nyuma ya zizi nakata majani, nikamsikia anafika, anaegemea mti wa zizi, na kuwaambia mbuzi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo mapema."

Mama alikuwa na njia nyingine pia, ya ungo. Alipopepeta maharage Mwalimu alifuata mapigo ya ungo bila kujitambua, kama ng'ombe anavyofuata njia ya nyumbani. Mama akipunguza, naye alipunguza. Mama alipotaka wimbo uishe alipepeta haraka, na wimbo ukaisha. Sikupata kuona watu wawili wanaoishi pamoja wakizungumza kwa njia hiyo, na sidhani kama waliwahi kuijadili. Kwangu mimi Mama aliniachia maneno haya tu: "Usisubiri anyamaze ndipo ufungue daftari. Utazeeka."

Jambo la kushangaza ni kwamba Mwalimu mwenyewe hakustahimili sauti za watu. Viti vyote vya nyumba yake vilikuwa vimevaa viatu. Alikata mpira wa tairi la baiskeli, akaupigilia kwenye kila mguu wa kiti ili kisikwaruze sakafu. Mtu akitafuna muwa karibu yake alihama. "Unatafuna kama unabomoa nyumba," alisema. Kijiko kikigusa sahani kwa nguvu alifumba macho. Jogoo wa kwanza niliyemkuta pale, aliyekuwa akiwika kwa sauti ya kupasuka, alibadilishwa na mtetea kwa mtu wa Murukulazo, na Mwalimu alimweleza mwenye mtetea waziwazi kasoro ya jogoo, kwamba hana sikio.

Kwenye mazoezi ya kwaya ndiyo usiseme. Alitaka kimya cha kusikia nzi. Kulikuwa na mzee mmoja wa sauti ya tatu mwenye tabia ya kuvuta kamasi mwishoni mwa kila mstari. Kabla ya misa ya Pasaka Mwalimu alimpa leso mpya mbele yetu sote, imekunjwa vizuri, akamwambia, "Hii ni ya mstari wa pili. Ya mstari wa nne nitakuletea." Mzee alicheka, tukacheka wote, na Pasaka ile hakuvuta. Mwalimu alipokuwa anatuambia yote hayo kuhusu kimya, kidole chake kilikuwa kinagonga stendi ya nota. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nami nilijiunga na kwaya, kwa vile ukikaa nyumba ile hukuwa na namna. Sina sauti. Aliniweka sauti ya tatu akisema huko ndiko wanakojificha wengi. Waimbaji wageni kila mahali huziba sikio moja kwa mkono ili wajisikie wenyewe wasipotezwe na jirani. Kwa Mwalimu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuchelewa. "Toa mkono," alisema. Kisha alimchukua yule mgeni akamsimamisha katikati ya watu wa sauti nyingine, wenye nguvu. Mimi alinisimamisha kati ya mama mmoja wa sauti ya kwanza, mwenye koo kama filimbi, na yeye mwenyewe. Nilipotea. Tukarudia, nikapotea tena, nikajikuta naimba ya yule mama.

"Mwalimu, wananivuta," nilisema.

"Nani kakuvuta? Shati lako liko sawa."

Watu wakacheka. Alisubiri wamalize, akaniambia kwa upole zaidi, "Ukiziba sikio utaimba vizuri, lakini utaimba peke yako. Usishindane nao. Wasikie, halafu uendelee na ya kwako."

Niliondoka na maneno hayo, na nikiri kwamba niliyajaribu nyumbani mezani, na kitabu cha historia mbele yangu na sauti ya nne nyuma yangu. Niliisikia, nikaendelea na ya kwangu. Siku nyingine iliwezekana. Siku nyingine haikuwezekana hata kidogo, nikaenda kwa mbuzi mimi.

Nota alituandikia ubaoni kwa herufi, r ya re, l ya la, akazisoma huku r na l zikibadilishana viti anavyotaka yeye. Sisi wote tulitamka hivyohivyo, hakuna aliyepotea. Alikuja frateri mmoja mgeni kutoka seminari kutusaidia, akasimama na mdomo wazi, na sisi tukamwonea huruma kwamba hajui nota.

Niliporudi kutoka chuoni bila kazi nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa na shahada, na woga wa kila kitu. Njiani watu waliniuliza, "Bado tu?" na mimi nilirudi nyumbani nikachambua lile "tu" mpaka jioni. Mwalimu hakuniuliza hata siku moja. Siku niliyofika na begi langu alisema, "Chumba chako kipo. Panya wamekitunza," akashika begi upande mmoja, tukaingia.

Asubuhi za kipindi hicho nilikuwa naamka na kulala palepale nikihesabu njia zote ambazo maisha yangu yanaweza kuharibika. Kisha nilisikia kandambili, kikohozi, na ng'ombe wa kifuani akiamka. Nilikereka. Sasa ninapofikiri naona kilichonikera zaidi ni kwamba alikuwa na jambo la kuanza nalo kila kulipokucha, na lilikuwa tayari kabla ya chai. Lakini pia, ilikuwa vigumu kuamini kwamba dunia inaisha leo wakati mtu yuko sebuleni anajaribu kupata mstari wa tatu wa wimbo wa matoleo. Niliinuka kwa hasira. Hasira nayo inainua mtu.

Nilipopangiwa shule Biharamulo alinisindikiza mpaka kwenye gari. Alinipa mfuko wa karatasi, nami nikadhani ni karanga. Ulikuwa na vipande vya mpira wa tairi, vimekatwa sawasawa, na misumari midogo.

"Mwalimu, sina hata kiti kimoja."

"Utanunua," alisema.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kuzika, nikaenda tena baadaye, na nyumba niliikuta kama nyumba yoyote ya mzee aliyebaki peke yake, safi kwa mbele na vumbi kwa nyuma. Masikio yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mguno ulipanda. Sasa ulisikika mpaka kwa jirani wa upande wa pili wa migomba, mama mmoja ambaye wazazi wake walikuja kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Ni mcheshi, na hakuwahi kuficha kwamba anakerwa. "Huyu mzee wenu ana betri ya wapi?" aliniuliza kila nilipopita. "Mimi hata simu yangu haikai na chaji hivyo."

Ndiye aliyenipigia simu siku Mwalimu alipoanguka, na nilipofika Rulenge alinisimulia upya, amesimama na panga mkononi.

Mtu asiyefika kule lazima aelewe jambo moja. Nyumba zetu hazionani. Kila boma limezungukwa na migomba, na ukiwa kwako humwoni jirani hata kama ungeweza kumrushia jiwe. Unamjua kwa moshi wake, kwa mwanae anayelia, kwa kinu chake.

"Asubuhi ile nirikuwa nakata majani ya mgomba," alisema. "Nikasema, mbona leo raha hivi? Nikakata, nikakata. Halafu hiyo raha ikanikataa. Nikasimama. Nikaita, Mwarimu! Kimya. Nikasema huyu mzee hajawahi kuninyima kelele hata siku ya mvua. Nikaenda mbio."

Alimkuta kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mguu umekunjika chini yake, ameshika shina la mgomba. Alikuwa amelala pale tangu alfajiri.

"Nikamwambia, wewe mzee, kwa nini hukuita? Unajua aliniambia nini?"

"Alisemaje?"

"Eti aliona aibu kupiga kelele asubuhi, watu wamelala."

Tulicheka wote wawili, halafu yeye akageuka akafuta macho kwa kanga, nami nikajifanya naangalia mkungu.

Mguu ulifungwa, ukaanza kupona polepole, lakini kuishi peke yake ikawa haiwezekani. Mwanawe ni dereva wa malori, analala njiani zaidi kuliko kwake Mwanza. Alinipigia.

"Mdogo wangu, Baba kakataa mjini. Kasema atakaa kwako, au atakaa hapohapo Rulenge na mguu wake. Mimi sikulazimishi. Matumizi nitaleta. Sema tu ukweli."

"Kaka, nipe muda niandae nyumba," nilisema.

Nyumba haikuwa na cha kuandaa. Nilinunua kitanda siku ya pili yake, nikakiweka uani, nikakitazama, na usingizi ukaniacha. Ndiyo maana Jumamosi moja nilipanda gari kwenda Rulenge, nikijua kwamba nisipozungumza naye mwenyewe, nitaendelea kupima mpaka mzee aanguke tena.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya nyumba, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, mkongojo kando. Alikuwa amepungua. Shati lilimzidi shingoni. Sauti ya nne ilikuwepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunichukua au umekuja kunitazama?"

"Nimekuja tuongee kwanza."

"Haya. Kaa. Nieleze hiyo nyumba."

Nilimweleza. Nilianza na soko lilivyo karibu, na kanisa, na jinsi nilivyomwita fundi aweke mbao ya kushika mlangoni kwa sababu ya ngazi. Vyumba vya ndani nilivipitia haraka. Nilipofika kwenye chumba cha uani nilijisikia sauti yangu imebadilika, imekuwa kama ya mtu anayeuza.

"Hicho cha uani ndicho changu," alisema.

Nilishtuka. Nilidhani amenisoma. "Hapana, Mwalimu. Kile kiko karibu na kuku."

"Kuku wako ndani?"

"Hapana. Banda liko pembeni."

"Basi nitakuwa jirani wa kuku. Ndani siwezi. Wewe mtu wa kelele."

"Mimi?"

"Wewe."

Alichukua mkongojo, akaugeuza, akagonga benchi kwa mpini wake. Ka-tak. Akatulia. Ka-tak. Akatulia muda mrefu kidogo, kisha akagonga tena. Nilimwangalia bila kuelewa.

"Komeo," alisema. "Unafunga mlango. Unakwenda kitandani. Unarudi, unafungua, unafunga tena. Unakwenda. Mama yako alikuwa anasema, sasa amelala. Mimi namwambia ngoja, bado mara moja."

Komeo la mlango wa mbele, lile la chuma. Nilikuwa nahakikisha tu. Miaka yote ile nilidhani nafanya taratibu na nyumba nzima imelala.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Mlango ulikuwa unafungwa kuliko wa benki."

"Mwalimu..."

"Na kuhema je?"

"Kuhema pia?"

"Kama mtu anayepandisha mlima na gunia la maharage. Mama yako alisema tukutume nawe kwa mbuzi. Nikamwambia, usiku huu?"

Alicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa, nikiwa bado nahesabu ni usiku ngapi watu wawili wazima walilala macho wakisubiri mimi nimalizane na komeo. Hawakunung'unika, na asubuhi waliniuliza kama nimelala salama. Kisha, kama kawaida yangu, nikaanza kupima tena. Je, anasema kweli kwamba nitamsumbua, au ameona nilivyokwepa vile vyumba vya ndani na ananipa njia ya kutokea? Nikimkubalia nitakuwa nimefanya anachotaka, au nitakuwa nimemtupa? Nikamwona jinsi alivyokaa, shati limemzidi shingoni, anasubiri, kidole kinagonga mkongojo. Nikachoka kupima.

"Mwalimu, naomba niseme jambo, usinikasirikie."

"Sema."

"Kuguna kwako kunanichosha. Tangu zamani. Kunanichosha sana."

Kidole kilisimama. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Hata paroko aliniambia. Nilijaribu kuacha. Nikinyamaza najisikia kama nimesahau kitu jikoni."

"Lakini sikiliza. Ukikaa uani, mimi nitakuwa kitandani nasikiliza kama bado unaguna. Nisipokusikia nitaamka, nitafungua komeo, nitakuja mpaka dirishani kwako kuangalia kama unapumua. Nitarudi, nitafunga. Nitaamka tena. Unanijua."

Alifikiri. "Utafanya hivyo kweli."

"Kila siku."

"Na kuku wataamka."

"Kuku nao."

Aligeukia migomba. Upande wa pili mama jirani alikuwa anamgombeza mtu kuhusu ndoo. "Sasa wewe unataka nini?" aliniuliza. "Usiniambie kinachofaa. Unataka nini?"

Nilijibu kabla sijafikiri, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kufanya hivyo. "Nataka ukae ndani. Chumba cha ukuta mmoja na changu. Ukinichosha nitakwambia. Nikikuchosha uniambie."

"Kwa maneno?"

"Kwa maneno."

"Mimi nitagonga ukuta."

"Gonga."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi naandaa masomo ya shule. Hapo naomba kimya mpaka chai."

Alivuta pumzi, akatikisa kichwa kama mtu anayepatana bei ambayo anaona ni kubwa lakini bidhaa anaitaka. "Nitajaribu," alisema. "Sikuahidi."

"Nami komeo nitajaribu."

"Wewe hutaweza," alisema kwa upole kabisa. "Funga tu. Nitakuambia kama limefunga, ulale."

Nilirudi Biharamulo na gari la mchana. Sikusubiri kesho, maana ningeamka na mawazo mengine. Nilimwita jirani yangu, tukakifungua kitanda mbao kwa mbao kwa kuwa hakikupita mlangoni kikiwa kizima, tukakitoa uani, tukakiunga upya chumba cha ndani, kichwa kikielekea ukuta wangu. Kisha nikampigia kaka yule dereva nikamwambia, "Chumba kipo. Mlete."

Alikuja naye katikati ya wiki. Mwalimu alipanda ngazi taratibu, akishika mbao ya fundi, hakutaka kushikwa mkono. Alipoingia chumbani hakutazama kitanda. Alitazama juu, kwenye uwazi wa ukuta. Akasimama, akaegemea mkongojo, akatoa nota moja ya chini, ndefu, na kuiacha ipite. Niliisikia ikivuka upande wa pili na kutua kwenye chumba changu.

"Utaisikia yote," alisema. "Bado unaweza kunirudisha uani."

"Kule nimeshaweka mkaa," nilisema, na ilikuwa kweli.

Alikaa kitandani, akakibonyeza kwa mikono miwili. "Basi lete shuka."

Nikaleta, nikatandika.